Kidole cha Karani

Habari kwamba kompyuta za zamani zitaondolewa ofisini, Karani aliisikia kwa binti yake mwenyewe, mezani, wakati wa chakula cha jioni, kabla mkuu wake wa kazi hajatamka lolote. Binti huyo alikuwa kitinda mimba wake, na nyumbani walimwita Chiriku kwa jinsi alivyoanza kusema mapema na asinyamaze tena. Alikuwa ameajiriwa na kampuni iliyouza mashine mpya kwa maofisi, akiwa bado kwenye kipindi cha majaribio, na kazi yake ilikuwa kuwafundisha watumishi kuzitumia. Jioni hiyo alikuja na habari kwamba amepangiwa ofisi ya usajili wa vizazi na vifo, ofisi ya baba yake.

Mama, ambaye alikuwa mwalimu wa chekechea, alifurahi sana. Alisema kumbe sasa nyumba itakuwa na walimu wawili na mwanafunzi mmoja, na mwanafunzi mwenyewe ndiye mwenye mvi. Chiriku alicheka, akaanza kueleza. Mashine ni kioo kipana kinacholazwa mezani, kimeinuka kidogo upande wa nyuma. Hakina kibodi, hakina kipanya, hakina nyaya za kujikwaa. Mtu anagusa anachokitaka, basi.

"Kama simu," mama alisema.

"Kama simu. Na nani asiyejua simu siku hizi?"

Karani alikuwa akila taratibu, mkono wa kulia ameuegemeza ukingoni mwa meza. Alisema simu ni simu. Kwenye simu mtu anafanya jambo lake moja, anaitia mfukoni, anaondoka. Yeye dirishani hufungua rekodi ya mama upande huu, ya mtoto upande ule, barua ya hospitali katikati, macho yakitembea kote, na mkono umetulia palepale juu ya kipanya chake. Kompyuta ya mezani imeumbwa kama meza, ina mahali pa kila kitu, na mkono una pa kulala. Hicho kioo kinataka mtu akae ameinua mkono kutwa nzima kama anayeomba ruhusa ya kwenda chooni.

Mama alicheka hadi akapaliwa. Chiriku hakushindwa. Alisema karani mpya huchukua miezi kuzoea kibodi, ilhali kioo anakizoea kabla ya chai ya saa nne. Alisema wazazi wenyewe wataweza kugusa na kuandika majina ya watoto wao, wasikosewe herufi. Alisema hata watoto wa darasa la mama wangeweza.

"Basi waajiriwe hao," Karani alisema, na safari hii hakucheka mtu.

Baada ya kunawa ndipo alipomwambia binti yake kwamba kule kazini hawajuani. Hataki watu waje waseme anabebwa. Mafunzo ni ya siku chache tu, yeye awe mwalimu na mzee awe mtumishi kama watumishi wengine. Mama aliuliza mtu na mwanawe wanakuwaje hawajuani, lakini Chiriku alikuwa ameshakubali. Alikubali upesi mno, hata mama akamtazama.

Kilichomfanya akubali upesi hakukisema. Kule kwenye kampuni, alipoulizwa siku za mwanzo baba yake anafanya kazi gani, alijibu kwamba ni afisa usajili. Hakusema ni karani wa dirishani, wala hakusema kwamba koti lake la kazi limetiwa kiraka kwenye kiwiko, na kwamba kiraka chenyewe si cha rangi moja na koti.

* * *

Mafunzo yalifanyika katika chumba cha mikutano. Vioo vipya vilikuwa vimepangwa mezani, vinang'aa, na ukutani pametundikwa kioo kingine kikubwa cha kuonyesha kila anachokifanya mtu wa mbele. Kompyuta za zamani zilikuwa zimekwisha kupelekwa stoo na wapagazi, zimerundikwa kibodi juu ya kibodi, na vipanya vimetiwa vyote ndani ya ndoo moja. Karani alipopita mlangoni mwa stoo aliitazama ndoo ile, akaenda kukaa nyuma kabisa.

Chiriku alifundisha vizuri. Sauti yake ilijaza chumba bila kupaazwa, na alijua kuwatania watu wakacheka wasichukie. Makarani vijana walikuwa wanagusa na kuburuta kabla hajamaliza kueleza. Mhasibu, mwanamume mnene mwenye maneno mengi, alisema tangu leo hatafuta vumbi la kibodi maisha yake yote. Mkuu wa ofisi, mama mtaratibu aliyependa kazi yake ionekane huko juu, alikaa mstari wa mbele akitikisa kichwa kwa kuridhika.

Kisha mkuu akaomba mtu mzima mmoja apite mbele, ili wenzake waone kwamba hakuna la kuogopa. Akamwita Karani.

Karani alisimama, akavuta koti lake, akaenda. Chiriku alimwamkia kama ambavyo angemwamkia mzee yeyote, akamwomba aandikishe mtoto wa mfano. Mkono wa Karani ulipoachana na ukingo wa meza na kuinuka hewani, ukaanza kutetemeka. Kidole kiligusa mara moja, lakini kioo kilihesabu mara tatu. Ukurasa ulifunguka, ukajifunga, ukafunguka mwingine ambao hakuuita. Alijaribu tena. Herufi zikajiandika mbilimbili. Picha ya mtoto wa mfano ikakua mpaka likabaki jicho lake moja tu limejaa ukuta mzima, likiwatazama.

Mhasibu alisema mzee anapiga kinanda. Chumba kikalipuka kwa kicheko. Karani naye alitabasamu, akaushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto kana kwamba anaukanya.

"Labda kioo chenyewe kina hitilafu," mkuu wa ofisi alisema, akimgeukia mwalimu.

Hapo Chiriku aliona akilini mkataba wa kampuni, akaona meneja wake, akaona na kipindi chake cha majaribio ambacho hakijaisha. Vioo vile vilikuwa kwenye majaribio kama yeye; ofisi ikiviridhia, vingenunuliwa kwa ofisi zote.

"Kioo hakina tatizo," alisema kwa sauti yake ile ya utani. "Tatizo ni kidole, mzee wangu."

Watu walicheka tena, safari hii kuliko mwanzo, na yeye alicheka pamoja nao. Karani alirudi mahali pake.

Wakati wa chai, mkuu wa ofisi alimvuta mwalimu pembeni, karibu na mlango. Alimwomba radhi kwa ajili ya yule mzee. Alisema ni mtu mwadilifu, hana makuu, amebakiza muda mfupi astaafu, wamvumilie tu. Halafu akamtazama usoni kidogo, akasema wanafanana kwa mbali.

"Mnajuana?"

"Hapana," Chiriku alisema. "Nimemwona leo."

Alipogeuka kuweka kikombe, alimkuta baba yake yuko hapo nyuma yake, amekuja kuchukua sukari. Karani alisema samahani, akanyoosha mkono wa kushoto kupita ubavuni mwake, akachukua kijiko, akaenda zake.

* * *

Jioni hiyo Chiriku alichelewa makusudi kufika nyumbani, akidhani atakuta habari zimekwisha kusemwa. Alikuta mama yake anamsubiri mlangoni, uso umejaa furaha. Baba yako amekusifu, aliambiwa. Amesema katika miaka yake yote ya kazi hajapata kuona mtu anafundisha vizuri namna ile.

Karani alikuwa amekaa kwenye kiti chake, anasikiliza redio. Hakuinua macho. Aliuliza kama mwalimu amekula, akasema chakula kipo. Chiriku alisema ameshiba. Aliingia chumbani akakaa kitandani na viatu vyake, akajiambia kwamba wala hakukosea, kwa sababu walikubaliana. Ni baba mwenyewe aliyesema hawajuani. Alijiambia hivyo mara kadhaa, lakini kila alipofika kwenye kile kicheko chake, maneno yalimwishia.

Tangu siku hiyo wakawa wanaishi kwa adabu. Asubuhi waliamkiana, jioni wakaulizana habari za kazi, na kila mmoja akajibu kwamba ni nzuri. Mama aliwaangalia wote wawili, na kwa kuwa aliwazoea watoto wanaoficha jambo, hakuuliza.

* * *

Kule dirishani mambo hayakuwa mazuri hata kidogo. Foleni ya Karani ilikuwa haisogei. Watu waliona vijana wa madirisha mengine wanagusa mara mbili tatu na kumaliza, wakaanza kumkimbia. Waliobaki kwake walifyonya, wakatazamana, wengine wakasema kwa sauti ya kusikika kwamba wazee wangepumzishwa nyumbani. Zamani alikuwa akiukandamiza mkono mezani, kiganja kimelala juu ya kipanya, na hakuna aliyejua. Sasa mkono ulikuwa hewani mbele ya kila mtu, na kadiri walivyoutazama ndivyo ulivyozidi.

Alijifunza hila. Alijaribu kugusa kwa ncha ya kalamu, kioo kikakataa. Alijaribu kushikilia mkono kwa mkono, lakini hapo akabaki hana mkono wa kushikia karatasi. Jambo jingine alilojifunza ni kutosoma hati baada ya kuchapishwa, kwa sababu karatasi mkononi mwake ilipiga kelele kama bati kwenye upepo. Aliisukuma tu chini ya dirisha, imefunikwa kifudifudi.

Hivyo ndivyo hati ya mtoto wa mwanamke mmoja ilivyompita.

Alikuwa mwanamke kijana, mtoto yuko mgongoni, amekuja peke yake. Alisubiri kwa subira kwenye foleni ya Karani asikimbilie kwingine, na alipofika alimtajia jina la mtoto polepole, herufi kwa herufi, kwa furaha ya mtu anayelitaja jina hilo mbele ya serikali kwa mara ya kwanza. Juu ya kioo kulikuwa na visanduku viwili vilivyopakana, Kuzaliwa na Kufariki, na chini yake kimoja cha Thibitisha. Nyuma mtu alikohoa kwa hasira. Karani aligusa, akagusa tena, akathibitisha. Printa ikanguruma. Akaisukuma hati.

Mwanamke aliigeuza, akaisoma. Akairudia mwanzo.

"Mzee," alisema, "hapa mmeandika mwanangu amefariki."

Hakupiga kelele. Alifungua kitambaa, akamshusha mtoto mgongoni, akamwinua mbele ya dirisha kwa mikono miwili.

"Huyu hapa. Mtazame."

Mtoto alikuwa amelala. Aliamka, akapepesa macho kwa mwanga, akamtazama Karani. Hata vijana wa madirisha ya jirani walisimamisha vidole vyao. Karani alisema samahani mwanangu, samahani sana, akarudi kwenye kioo afute. Kidole kikaingia pasipo pake, kikatoka, kikaingia tena. Mashine ilikuwa haikubali kumfufua mtu kirahisi. Ilitaka idhini ya mkuu wa ofisi. Mkuu akaitwa, akaja, akamkuta Karani amesimama, jasho linamtiririka, na yule mwanamke bado kamwinua mtoto, hataki kumshusha, kana kwamba akimshusha karatasi itakuwa kweli.

Siku iliyofuata Karani aliondolewa dirishani. Alipewa kiti mlangoni na furushi la vipande vya kadibodi vyenye namba, awe anamgawia kila anayeingia. Mkuu wa ofisi alimwambia ni kwa muda tu, na alilisema hilo kwa upole ambao ulimchoma kuliko kama angemfokea.

* * *

Malalamiko yalifika hadi kwenye kampuni. Meneja alimwita Chiriku, akamwambia kutakuwa na kikao, na kwamba yeye kama mwalimu ndiye atakayeeleza. Aeleze kwamba ni kosa la mtumiaji. Mtumishi alifundishwa, hakushika. Meneja hakujua mtumishi mwenyewe ni nani.

Chiriku alikwenda nyumbani mchana huo, akamkuta mama yake jikoni anaosha vyombo. Alisimama akichukua sahani moja moja na kuzifuta. Aliuliza kama baba anaumwa.

Mama aliendelea kuosha. "Kwani umeona nini?"

"Mkono wake."

Basi mama akaeleza, akiwa amempa mgongo. Ulianza muda mrefu, kwanza kidole kimoja, kisha kiganja. Yeye ndiye amfungaye vifungo vya shati kila asubuhi, na wote wawili huchukulia kwamba ni mapenzi. Chai humtilia nusu kikombe. Chiriku alikumbuka vile vikombe. Alikuwa akidhani mama amekuwa bahili uzeeni.

"Mbona hamkuniambia?"

"Hata mimi hajaniambia. Alitaka nisijue, nami nikakubali nisijue."

"Hospitali je?"

"Angekwenda hospitali ingekuwa ugonjwa."

Chiriku aliweka sahani chini. Akasema siku ile ya mafunzo baba aliitwa mbele, mkono ukamshinda, watu wakamcheka. Na yeye akasema mbele ya wote kwamba tatizo ni kidole.

Mama alifunga bomba.

"Ulimwambia nani maneno hayo?"

"Baba."

"Na yeye akarudi hapa akakusifu," mama alisema. Alijifuta mikono kwenye kanga yake, taratibu, kidole kwa kidole, akatoka nje akamwacha hapo hapo.

* * *

Kikao kilifanyika katika chumba kile kile cha mafunzo. Walikuwapo mkuu wa ofisi, mhasibu, meneja wa kampuni na Chiriku. Karani aliitwa mwishoni, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, furushi la namba liko mapajani mwake kwa sababu hakupata wa kumwachia.

Meneja alizungumza kwa ufasaha. Alisema dunia yote inahamia kwenye kugusa, na kwamba kibodi na kipanya vitakuwa vitu vya kuonyeshwa watoto. Alisema kosa moja la mtumishi mmoja haliwezi kuhukumu mashine. Mkuu akamuuliza Karani ana la kusema.

Karani alisimama. Alisema mashine ni nzuri na mwalimu alifundisha vizuri, kila mtu ni shahidi. Kosa ni lake. Ni uzee tu. Akakaa.

Meneja akamgeukia Chiriku athibitishe. Chiriku alikuwa amejiandaa usiku kucha, lakini maneno yaliyotoka hayakuwa yale aliyoyapanga. Alisema visanduku vya kuzaliwa na kufariki havikupaswa kupakana. Alisema kioo hakijui tofauti ya mtu anayegusa na mtu anayetetemeka, na wenye mikono inayotetemeka, wenye vidole vigumu, wenye vidonda, wote hao wapo maofisini na wataendelea kuwapo. Akasema vioo vibaki kwa wanaovipenda, lakini anayetaka kibodi na kipanya chake arudishiwe, kwani kompyuta moja inaweza kubeba vyote, na kampuni inalijua hilo. Aliyasema haraka haraka, bila kumtazama meneja, ambaye alikuwa ameacha kuandika.

Mkuu wa ofisi alimsikiliza hadi mwisho. Yalimwingia, ilionekana usoni.

"Haya ni maneno ya maana," alisema. "Mbona hukuyasema siku ya mafunzo? Siku ile ulituambia tatizo ni kidole."

"Niliona aibu."

"Aibu ya nini?"

Chiriku alitazama meza. "Huyu ni baba yangu."

Mkuu akasema kwamba alimuuliza siku ile kama wanajuana, wakiwa wamesimama pale pale mlangoni. Chiriku alisema ndiyo, na kwamba alimdanganya. Mhasibu akaegemea kiti, akacheka kwa pua. Akasema kumbe, ndiyo maana. Binti anamtetea babaye. Meneja naye alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo, akaomba kikao kisiyatilie maanani maneno ya mtu mwenye maslahi yake. Mkuu alifunga kalamu. Yale yaliyomwingia yalikuwa yamekwisha kumtoka, na Chiriku aliona yakitoka. Ukweli aliouleta ulikuwa ule ule, lakini alikuwa ameuchelewesha, na sasa haukuwa tena ushahidi. Ulikuwa huruma ya nyumbani.

Karani alikuwa amesimama. Mkono wa kulia ulikuwa unapiga lile furushi la kadibodi, na safari hii hakuushika.

"Tulikubaliana," alimwambia binti yake kwa sauti ya chini. Akaomba ruhusa, akasema kuna watu wanasubiri namba. Akatoka.

* * *

Kampuni ilimwambia Chiriku haina haja naye tena. Vioo vilibaki. Kompyuta za zamani zilibaki stoo, na ofisi nzima sasa ilijua kwamba mzee wa mlangoni ni baba wa yule mwalimu aliyemcheka. Walimwonea huruma, wakawa wanamwamkia kwa sauti kubwa kuliko zamani, naye alijibu na kuendelea kugawa namba.

Hazikupita wiki nyingi, mhasibu akaanza kulalamika bega. Hesabu zake zilikuwa za safu na mistari, visanduku vidogo vidogo, na kidole chake kinene kila kilipolenga kimoja kiliamsha na jirani. Akalipa mafuta ya gari la ofisi kwa fedha za fungu la kununulia karatasi. Alikwenda kwa mkuu, akasema bila haya kwamba kioo kinafaa dirishani lakini hesabu zinataka kipanya, na kompyuta yake ya zamani ikatolewa stoo siku hiyo hiyo, ikapanguswa vumbi, ikawekwa mezani pake. Hakuna aliyemuuliza ni mtoto wa nani.

Baada ya hapo mkuu wa ofisi alimwita Karani, akamwambia yeye naye anaweza kupewa mashine yake ya zamani. Ila haitakaa dirishani, itakaa chumba cha nyuma, asahihishe majina yaliyokosewa. Karani alikubali bila neno. Chumba kile hakikuwa na dirisha wala foleni, na mtu akitaka kukifikia ilibidi apite kwenye majalada ya zamani. Alifanya kazi vizuri humo, kiganja kikiwa kimelala mezani, na hapakuwa na wa kumwona.

Siku aliyokubali kwenda hospitali, Chiriku ndiye aliyemsindikiza. Walikaa kwenye benchi refu la ukutani, watu wengi mbele yao. Walikuwa hawajazungumza jambo la maana tangu kikao. Chiriku alianza kuomba msamaha, akakwama kwenye sentensi ya kwanza, akaanza upya. Karani alimwacha ahangaike kidogo, kisha akamzuia.

Alisema kicheko hakikumuuma sana. Watu hucheka. Na kule kukanwa mbele ya mkuu, hilo aliliagiza mwenyewe, hawezi kulalamika.

"Lakini kuna jambo sijamwambia mtu," alisema. "Kabla sijaitwa mbele, nilikuwa nimekaa kule nyuma, wewe unafundisha. Chumba kizima mkononi mwako. Kijana aliyekaa karibu nami akanigusa bega, akaniuliza, mzee, msichana huyu ni mtoto wa nani? Alikuwa anakusifu."

"Ukamjibu nini?"

Karani alitazama mkono wake uliokuwa ukicheza juu ya goti.

"Nikamwambia simjui. Nilikuwa nimeshaanza kuogopa kuitwa. Nilihofu nikisema u wangu, nikiaibika, uaibike na wewe. Kwa hiyo mimi ndiye niliyeanza. Wewe ulinifuata tu."

Machozi yalimjaa Chiriku, akageuza uso upande wa ukuta, na baba yake naye akageuza wake upande wa mlango, kila mmoja akimpa mwenziwe nafasi. Watu wa benchini wakasogea, wakasogea tena. Muuguzi akachungulia, akauliza ni zamu ya nani, nao wakainuka wote wawili.